Mahali, Neno na Maradhi ya Akili: Kariakoo katika Historia ya Utafiti

Mwaka 1939, Robert Faris na Warren Dunham walichapisha utafiti uliochora ramani ya wagonjwa wa akili wa Chicago. Walionyesha kwamba waliolazwa kwa skizofrenia walitoka kwa wingi zaidi katika mitaa ya kati ya jiji. Swali waliloliacha lingali hai: je, ni mtaa unaougua watu wake, au ni wagonjwa wanaosukumwa na maisha kuelekea mtaa huo?

Katika Dar es Salaam swali hilo lilitanguliwa na utengano. Chini ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, mji uligawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikawa makazi ya Waafrika. Aliyerukwa na akili hakutibiwa mtaani humo. Matibabu yake yaliwekwa mbali, Lutindi katika milima ya Usambara na, kuanzia mwaka 1927, Mirembe huko Dodoma. Umbali huo uliingia hata katika lugha. Mirembe si jina la hospitali tu, bali limekuwa neno la kejeli: kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa huko ni kumwita kichaa.

Tafiti za karibuni zimerudisha suala hili mjini. Mwaka 2003, Ngoma, Prince na Mann walichapisha matokeo kutoka Dar es Salaam: dalili za maradhi ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi, zilionekana kwa asilimia 24 ya waliofika kwenye zahanati na vituo vya afya, na kwa asilimia 48 ya waliofika kwa waganga wa jadi. Mwaka 2010, Jenkins na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima 899 waliohojiwa majumbani: asilimia 3.1. Dodoso la msingi lilikuwa lile lile. Sehemu ya tofauti hiyo haishangazi, kwani aendaye kwa mganga tayari ana lililomsibu. Hata hivyo, takwimu hizi zinafundisha kwamba mahali pa kuulizia ni sehemu ya jibu.

Hapa ndipo Kariakoo inapoutatiza utafiti. Uchunguzi wa kaya humhesabu mtu pale anapolala. Mchukuzi, machinga na mamalishe wengi hushinda Kariakoo na kulala Mbagala au Gongo la Mboto; taabu ya sokoni huandikwa kwenye ramani ya mtaa mwingine, au isiandikwe kabisa.

Neno nalo lina mipaka yake. Sonona ni istilahi ya wataalamu. Sokoni husikika mawazo, kichwa kujaa, moyo kwenda mbio. Aulizwaye kuhusu ugonjwa wa akili husikia Mirembe, naye hukana. Aulizwaye kuhusu mawazo huvuta kigoda na kueleza.

Kwa hiyo kazi hii si ya madaktari na wanajiografia peke yao. Wanaisimu wa Kiswahili wanadaiwa maneno ambayo mgonjwa atayakubali kuwa yake. Deni hilo si dogo, kwa kuwa asiyehesabiwa hatengewi daktari.