Usingizi wa Mkopo

Mtu wa Kiongoroni hana haja ya kufundishwa kukesha. Huko ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mpunga unapokomaa watu huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Mchana ni vita na ndege, usiku ni nguruwe na viboko. Atakayelala usingizi wa pono atavuna mabua. Lakini kukesha huko kuna sababu na kuna mwisho: mavuno yakishaingia ndani, watu wanalala.

Kuna kukesha kwa namna nyingine. Hakuna cha kulinda, na bado lepe la usingizi halipatikani. Hapo ndipo kidonge kinapopata soko, Kibiti hata Mbagala. Ndugu msomaji, kabla hujakimeza, ijue historia yake, maana ni historia ya ahadi nyingi.

Mwaka 1903, Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani, wataalamu wawili huko kwao, Emil Fischer na Joseph von Mering, walitangaza dawa iliyouzwa kwa jina la Veronal. Ilifungua mlango wa jamii ya dawa ziitwazo babitureti. Luminal ikafuata mwaka 1912. Wenye kukosa usingizi wakashangilia.

Miaka miwili baadaye vita ikaja, na Rufiji ikakesha kweli kweli. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta. Miezi ikapita, Wajerumani wakisubiri ndani, Waingereza wakiziba njia za kutokea baharini, na wanavijiji katikati ya ugomvi usio wao. Julai 11, 1915 mizinga ya Waingereza ikaimaliza. Usiku ule wa hofu nao ulikuwa na sababu, na haikuwa ya kuondolewa kwa kidonge.

Duniani, babitureti ziliendelea kutamba kwa miaka mingi. Kumbe kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua ni majirani wa ukuta mmoja! Mwaka 1962 mcheza sinema Marilyn Monroe alikufa kwa sumu ya dawa hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1957, Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomidi kama dawa salama ya kutuliza na kulaza, hata wajawazito wakaitumia. Ilipoondolewa madukani mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu. Neno “salama” likaingia doa.

Ndipo wakaja benzodiazepini, kazi ya Leo Sternbach wa kampuni ya Roche: Librium mwaka 1960, Valium mwaka 1963. Hizi, zikimezwa peke yake, hazikuua kirahisi kama zile za zamani. Lakini ubaya wake ukajitokeza polepole: mwili unazizoea, kidonge kimoja kinakuwa viwili, na anayeziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu anatetemeka, anakosa usingizi kuliko mwanzo, pengine hata kupata degedege. Mwaka 1984 Umoja wa Mataifa ukaziweka chini ya udhibiti wa kimataifa.

Turudi Kibiti. Kati ya 2015 na 2017 watu wasiojulikana waliua viongozi wa vijiji na askari; Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa siku moja. Mwaka 2024 mafuriko yakameza mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Nani angelala? Sikiliza sasa: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba mtu mzima aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe benzodiazepini kwa ajili ya usingizi katika mwezi wa kwanza. Anachohitaji kwanza ni usalama, watu wake, na pa kusemea yaliyomkuta.

Je, kidonge hakina kazi? Kinayo, bwana, ila ni kazi ya muda mfupi. Daktari akuulize kwanza kinachokunyima usingizi: maumivu, msongo, pombe au chai ya rangi ya saa nne usiku. Akikuandikia, ni kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache, wiki mbili hivi, isizidi nne. Kimeze ukiwa kitandani tayari, na usiku wote ukiwa mbele yako. Usichanganye na bia, gongo wala dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, maana pumzi inaweza kukatika. Asubuhi kama kichwa bado kizito, pikipiki na boti viache. Mzee anaweza kuanguka. Mjamzito na mwenye kukatika pumzi usingizini wamweleze daktari mapema. Vilivyobaki usimgawie mshikaji. Na kama umevizoea, usivitupe siku moja. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Wewe unayeandika mashairi hadi alfajiri, halafu unapita famasi bila cheti, haya yanakuhusu pia. Kidonge hakikupi usingizi, kinakukopesha tu. Anayekopa siku tatu huku akishughulikia sababu, atalipa. Anayekopa kila siku ajue walichosema wahenga: usiku wa deni haukawii kucha.