Kukadiria Hatima ya Mgonjwa wa UVIKO-19 Aliyelazwa: Namba za Daktari Zasema Nini?

Mwezi Machi 2021, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alitangaza kwamba ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia baada ya kupata matatizo ya kupumua. Wakati huo takwimu za ugonjwa zilikuwa hazitangazwi nchini tangu mwishoni mwa Aprili 2020. Hapa Majengo, kama huko juu migombani, wapo waliojifukiza nyumbani hadi mgonjwa aliposhindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Alipofikishwa hospitali, ndugu waliuliza swali moja: je, atapona? Wapendwa waamini, tunaeleza hapa jinsi daktari anavyolitafutia jibu swali hilo, na uzito wa jibu lenyewe.

Kukadiria hatima ya mgonjwa si kupiga ramli. Watafiti hukusanya kumbukumbu za wagonjwa wengi, huwatenga waliofariki na walioruhusiwa kwenda nyumbani, kisha hutafuta vipimo vya siku ya kulazwa vilivyowatofautisha. Kipimo kimoja kilichojulikana sana, kiitwacho 4C, kilitangazwa Uingereza Septemba 2020 kutokana na wagonjwa zaidi ya 57,000 wa hospitali 260. Hutazama mambo manane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa ya kudumu, kasi ya kupumua, oksijeni katika damu, fahamu, na vipimo viwili vya damu, kimoja cha kazi ya figo na kingine cha ukali wa uambukizo. Alama ni kuanzia 0 hadi 21.

Tuchukue mfano wa kubuni. Babu wa miaka 72 anapelekwa hospitali kwa bajaji kutoka Majengo. Kwa umri wake anapata alama 6, kwa kuwa mwanamume 1, kwa kisukari 1. Anapumua mara 24 kwa dakika: alama 1. Kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 90: alama 2. Fahamu zake ni timamu, na tuseme vipimo vya damu ni vizuri. Jumla ni 11. Katika kundi la alama 9 hadi 14, wagonjwa kama 31 kati ya 100 walifia hospitalini. 69 hawakufia humo. Babu yetu yumo upande upi? Namba haisemi, wala haiwezi kusema, kwa kuwa ilihesabu kundi. Kazi yake ni kumwonyesha daktari nani asirudishwe nyumbani, nani alazwe karibu na oksijeni, nani aangaliwe kila saa. Anayeitumia kuhalalisha mzee kuachwa anaipindua, na hapo mafundisho ya Kanisa juu ya hadhi ya kila mgonjwa hayaachi mwanya.

Tena, namba hizo zilizaliwa katika hospitali za Uingereza. Utafiti uliochapishwa Mei 2021 kuhusu wagonjwa mahututi katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Msumbiji zikiwemo ila Tanzania haikuwemo, ulikuta asilimia 48 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia uliolinganishwa nao ulikuwa 31 na ushei. Watafiti walitaja VVU, kisukari, maradhi ya ini na ya figo. Walitaja pia uhaba wa vifaa. Sehemu ya hatima ya mgonjwa, basi, haimo mwilini mwake, imo katika mtungi wa oksijeni uliopo au usiopo.

Kwa hospitali zisizo na maabara kamili kipo kipimo kiitwacho UVA, kilichochapishwa 2017 kutokana na wagonjwa wa nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Chenyewe hutazama joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, shinikizo la damu, oksijeni, fahamu na hali ya VVU. Fahamu zikipungua, mgonjwa hupewa alama 4, nyingi kuliko jambo lingine lolote. Basi bibi akianza kuita majina ya watu wasiokuwepo, tusiseme ni homa tu.

Kipimo cha kidoleni nacho kina udhaifu unaotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kikisoma 93 huku mgonjwa anahema kwa shida, tuyaamini macho yetu.

Tiba nayo hubadilisha makadirio, ndiyo maana tunahimiza kuwahi. Juni 2020 ilithibitika Uingereza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja hivi miongoni mwa waliowekewa mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa, hivyo kuimeza nyumbani ati ni kinga ni kujitafutia madhara. Anayemsindikiza mgonjwa KCMC, Mawenzi, Mtakatifu Yosefu pale Soweto, Kibosho, Kilema au Huruma aende na majibu: umri halisi, siku dalili zilipoanza, magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia, na kadi ya kliniki. Tunajua wapo wanaoficha VVU mbele ya mashemeji. Daktari aombwe faragha, lakini aambiwe.

Kuhusu padri, familia huchelewa kumwita kwa hofu kwamba mgonjwa atajiona amekatiwa tamaa. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa haungoji alama zifike 15. Katekisimu, namba 1514 na 1515, yafundisha kwamba wakati wake umefika mara mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na kwamba hali ikizidi katika ugonjwa uleule anaweza kuupokea tena. Muuguzi wa zamu aulizwe mapema utaratibu wa padri kuingia wodini, maana wodi za maambukizo zina barakoa na mavazi yake.