Tuzo, Mtindo na Kipengele: Jinsi Muziki wa Tanzania Ulivyopewa Majina

Katika sherehe ya Tuzo za Muziki Tanzania ya mwaka 2011, Abbas Kinzasa, ajulikanaye na mashabiki kwa jina la 20 Percent, aliondoka na tuzo tano. Miongoni mwa nyimbo zilizompatia sifa msimu ule ni "Tamaa Mbaya" na "Ya Nini Malumbano". Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anwani hii ya pili haiwezi kupita hivi hivi. Malumbano ni istilahi ya kale katika ushairi: ni pale mshairi anapomtupia mwenziwe fumbo au hoja kwa beti, naye mwenziwe akamjibu kwa bahari ile ile, hadi wasikilizaji wajue nani amezidiwa. Mwimbaji aliyeuliza malumbano ni ya nini ndiye aliyewashinda wenziwe katika mashindano makubwa kuliko yote ya muziki nchini. Lawama hapa si ya mwimbaji. Neno tuzo lenyewe lilikwisha kubadilika maana, na kubadilika huko ndiko kunakochunguzwa katika mhadhara huu.

Tuzo ni nomino iliyotokana na kitenzi tuza, ambacho kina undugu wa karibu na tunza. Kitenzi tunza kina maana mbili zinazoonekana kuwa mbalimbali: kulea au kuhifadhi kitu kwa uangalifu, na kumpa zawadi mtu aliyefanya jambo la kupendeza, hasa mchezaji au mwimbaji. Katika ngoma za pwani na katika taarabu maana hii ya pili ni tendo linaloonekana kwa macho. Mwimbaji yuko mbele, msikilizaji anainuka kitini, anakwenda kwa madaha hadi alipo, anampa noti mkononi au kumbandikia kwenye paji la uso, kisha anarudi. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002, amelieleza tendo hili kwa kirefu kutokana na utafiti wake wa Tanga. Jambo kubwa analolionyesha ni kwamba mwenye kutunza hatoi shukrani tu, bali pia husema neno. Mwanamke anayeinuka wakati ubeti fulani unapoimbwa huuchukua ubeti ule ukawa wake, akamfikishia mtu aliyeketi upande wa pili wa ukumbi. Mtunzi wa maneno ni mwingine na mwimbaji ni mwingine, lakini msemaji, kwa kitambo kile, ni yule mwenye noti mkononi.

Tuzo ya namna hiyo, basi, ilikuwa na sifa tatu. Ilitolewa na msikilizaji mwenyewe, ilitolewa wimbo ukiwa bado unaimbwa, na haikuhitaji kujua wimbo ule ni wa aina gani. Hakuna aliyepata kuuliza kabla ya kuinuka kama anachokwenda kukitunza ni taarabu asilia au ya kisasa.

Isidhaniwe kwamba jamii hizi hazikuwa na mashindano. Ngoma za beni, ambazo Terence Ranger aliziandikia historia mwaka 1975, zilijengwa juu ya ushindani wa makundi, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine, kutoka mijini ya pwani hadi bara. Hata mipasho ya miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana maneno jukwaani, ilikuwa ni ushindani wa mchana kweupe. Lakini mshindi hakutangazwa na jopo. Alijulikana kwa wingi wa watu waliomfuata na kwa noti alizotunzwa.

Muziki wa dansi nao ulikuwa na njia yake ya kutaja, na njia hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Bendi za Tanzania tangu miaka ya 1960 hazikujitambulisha kwa aina ya muziki bali kwa mtindo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Orchestra Maquis ilikuwa na Kamanyola. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Likembe na Sululu, na alipounda Super Volcano alikuja na Masika Zole. Mtaalamu wa muziki angeweza kusema kwamba zote zilipiga rumba kwa tofauti ndogo ndogo za magitaa na tarumbeta. Angekuwa sahihi, na angekuwa amekosa jambo lenyewe. Mtindo ulikuwa jina la pekee, kama jina la mtu au la jahazi, wala haukuwa nomino ya kawaida inayoweza kukusanya vitu vingi vya jinsi moja. Kulikuwa na Sikinde moja tu, na wenyewe walikuwa Mlimani Park. Nguvu ya majina hayo inaonekana katika hatima yake: NUTA ilipogeuka JUWATA, na JUWATA ikageuka OTTU, kwa kufuata mabadiliko ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki bendi, mashabiki waliendelea kusema Msondo, na mwishowe Msondo ndilo likawa jina la bendi yenyewe. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani; limetangulia redio, chama na bendi, na limedumu kuliko vifupisho vyote vitatu.

Huu ndio mfumo wa majina ambao tuzo za taifa zilikuta, na ambao hazikuweza kuutumia. Tuzo hizo zilianza mwaka 1999 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Baadaye zilidhaminiwa na bia ya Kilimanjaro, na kwa miaka mingi watu wakaziita Tuzo za Kili, hata jina moja fupi likawa la mlima, la kinywaji na la heshima ya msanii. Sherehe ya namna hiyo ina sharti moja lisilokwepeka: lazima kitakachotuzwa kipewe jina kabla ya kutuzwa. Haiwezekani kumshindanisha mwenye Sikinde na mwenye Msondo mpaka lipatikane neno linalowafunika wote wawili.

Neno lililoteuliwa kwa kazi hiyo ni kipengele. Kabla ya hapo kipengele kilikuwa neno la sheria na la uchambuzi: kipengele cha mkataba, kipengele cha hoja, kipengele cha lugha, yaani sehemu ndogo ndani ya kitu kizima kilichokwisha kujulikana. Waandishi wa habari za burudani walilichukua likawa na maana ya kundi la wanaoshindanishwa, na leo msanii husemwa kuwa "yumo katika vipengele vitatu" bila mtu kushangaa. Ni hatua nzuri ya lugha, wala haikupitia kikao cha istilahi. Lakini neno hili limebeba fikra yake. Kipengele hutangulia kilichomo. Wimbo unaingizwa ndani yake kama jibu linavyoingizwa kwenye fomu.

Ukiviangalia vipengele vya Tuzo za Kili katika miaka yake ya mwisho, utaona kwamba havikugawanywa kwa kigezo kimoja. Taarabu ilitajwa kwa jina lake. Bendi zilipewa wimbo bora wa bendi, yaani muziki wa dansi ulitambuliwa kwa idadi na mpangilio wa wapigaji, wala si kwa mlio wake; jina la dansi lenyewe likafifia. Zouk na rumba ziliwekwa pamoja na mkwaju katikati, kana kwamba mwenye kupanga alisita akaamua kutoamua. R&B, rege, ragga na hip hop zilikuja na majina yake ya ng'ambo. Wimbo bora wa Afrika Mashariki ulikuwa ule wa majirani, na hivyo katika ukumbi wa Dar es Salaam Afrika Mashariki ikawa na maana ya mahali pengine. Na kisha kulikuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili ya Kitanzania.

Kifungu hiki cha mwisho kina mengi ya kufundisha. Kionjo kimetokana na onja: ni kiasi kidogo kinachotosha kumjulisha mtu ladha. Wimbo wenye vionjo vya asili si ngoma ya asili. Ni wimbo wa studio ulionyunyiziwa kitu cha nyumbani, kama chumvi. Pengine waliolitunga jina hilo walikuwa wakisema kweli tupu kuhusu nyimbo zilizoletwa mbele yao, na kwa hilo wastahili sifa. Ila matokeo yake ni kwamba ngoma yenyewe, ile ambayo kionjo kimechotwa kwake, haikubaki na mahali pa kukaa. Mfano ulio wazi ni Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Aliimba taarabu na alipiga ngoma ya unyago. Kwa mpangilio wa vipengele sauti yake moja ingegawanywa mara mbili, nusu ipelekwe kwenye taarabu na nusu itafutiwe nafasi kwenye vionjo. Waliomtuza ng'ambo walimtuza yeye mzima.

Inashangaza kidogo kwamba neno fleva nalo ni ladha. Jina Bongo Fleva kwa kawaida huhusishwa na mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One, mnamo mwaka 1996, miaka michache tu baada ya kufunguliwa kwa redio binafsi. Bongo ni ukubwa wa ubongo, na ni Dar es Salaam, mji ambao mtu huishi kwa akili zake. Fleva ni neno la Kiingereza lililokubali sauti za Kiswahili bila taabu. Hivyo vijana waliofuata njia iliyofunguliwa na Saleh Jabir, aliyetia maneno ya Kiswahili kwenye rap ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipata jina lililosema kwamba chakula ni cha wengine na ladha ni yetu. Kionjo na fleva ni visawe, lakini vinatazama pande mbili zinazopingana: kimoja huileta asili ndani ya ugeni kwa kipimo kidogo, kingine huudai ugeni wote kuwa wa mjini.

Wapo waliolikataa jina hilo. Wanahip hop wengi walisema, na bado husema, kwamba wao si wa Bongo Fleva. Magazeti kwa upande wao yalipenda kusema muziki wa kizazi kipya, Kiswahili safi kisicho na lawama ya mkopo. Tatizo lake lilikuwa la wakati. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, Profesa Jay, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020 na mwaka 2023 akateuliwa kuwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa, ambayo BASATA iko chini yake. Kizazi kipya kilifika serikalini kikiwa bado kinaitwa kipya. Muziki wa dansi ulitangulia kupatwa na kinyume chake: uliitwa zilipendwa, kitenzi cha kutendwa katika wakati uliopita kilichogeuzwa nomino, na kiambishi kile cha -li- kikawa kimewatia katika wakati uliopita watu waliokuwa wakipanda jukwaani kila Jumamosi.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, hayamo katika nomino. Yamo katika vitenzi. Mwaka 2010 Diamond Platnumz, akiwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana, alipata tuzo tatu. Mwaka 2014 alipata saba katika usiku mmoja. Vitenzi ambavyo Kiswahili cha magazeti huvitumia kwa matukio kama haya ni kunyakua, kutwaa, kuzoa, kubeba. Mwimbaji wa taarabu ametunzwa: yeye ni mtendwa, na mtenda, hata asipotajwa, ni mtu aliyeinuka kitini. Mshindi wa sherehe amenyakua: yeye ndiye mtenda, tuzo ni kitu kinachochukuliwa, na mtoaji hana nafasi yoyote katika sentensi. Ni kweli kwamba wananchi walipiga kura kwa simu, wakawa na sehemu katika uamuzi. Lakini sarufi haikuwapa nafasi. Katika "amezoa tuzo saba" hakuna pa kumweka mpiga kura isipokuwa kwa kuanza sentensi upya. Ndipo malumbano ya mashabiki wa Diamond na wa Alikiba, hasa baada ya Alikiba kutamba katika sherehe ya mwaka 2015, yalipokuwa makali kiasi kile. Shabiki aliyeondolewa katika sentensi alijirudisha kwa njia nyingine, mitaani na katika mitandao.

Baada ya mwaka 2015 tuzo zilinyamaza. Ziliporudi, katika sherehe ya tarehe 2 Aprili 2022, zilikuwa zimeacha jina la bia na kubaki na jina la nchi. Katika kipindi hicho cha ukimya muziki haukungoja. Singeli, iliyokuwa ikipigwa chini ya mahema katika shughuli za uswahilini Dar es Salaam, kasi yake ikiwashinda wengi kuihesabu, ilikwisha kuenea nchini kote, na tuzo zilizorudi zikaitengea kipengele. Jina halikutafsiriwa, halikuunganishwa kwa mkwaju na jingine, wala halikuitwa kionjo. Liliandikwa singeli, kama walivyoliita wachezaji wake kabla ya mtu yeyote kufikiri kuwashindanisha. Na chini ya mahema yale, mcheza akicheza vizuri, bado kuna anayeinuka na noti mkononi.