Pawasaplai za Kompyuta Kuukuu Mjini Eldoret

Pawasaplai ni kile kisanduku cha chuma kinachokaa nyuma ya kompyuta ya mezani, pale kebo ya stima inapochomekwa. Hupokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni volti 240, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo bodi kuu na diski zinaweza kuhimili. Stima inapopotea na kurudi kwa kishindo, au radi inapopiga karibu na nguzo, kisanduku hicho ndicho hupata pigo la kwanza. Kwa sababu hiyo, historia ya kukibadilisha mjini Eldoret imefungamana na historia ya stima yenyewe, na pia na ile ya kompyuta kuukuu zilizoletwa kutoka ng'ambo.

Stima ilifika Eldoret mwaka 1933, kampuni ya East African Power and Lighting ilipoweka mtambo wake, miaka tisa baada ya reli. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme wa Uganda ukaja kuuzwa Kenya. Mwaka 1991 kituo cha Turkwel chenye megawati 106 kilianza kazi, na laini yake ikavutwa hadi Lessos, katika Nandi, si mbali na Eldoret. Mji ukawa karibu na njia kuu ya umeme, lakini ukaribu huo haukuuondolea matatizo. Ukame wa 1999 na 2000 ulileta mgao wa stima nchi nzima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kuitia nchi gizani, na Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa stima tena kwa saa nyingi. Isitoshe, Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda ambako mvua za masika huandamana na radi.

Kompyuta zilianza kuonekana kwa wingi katika taasisi za eneo hili baada ya Chuo Kikuu cha Moi kuanzishwa mwaka 1984. Pawasaplai za miaka hiyo zilifuata mfano wa IBM. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5 tu, na ile ya AT ya mwaka 1984 ilifikia wati 192. Katika kompyuta za aina ya AT, umeme uliingia kwenye bodi kuu kupitia plagi mbili zinazofanana, P8 na P9, na hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu asizibadilishe nafasi. Aliyezikosea aliiunguza bodi mara moja. Kinga pekee ilikuwa kanuni ya kukariri: nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Fundi aliyefunzwa kazi enzi hizo haisahau.

Mwaka 1993 Kenya iliondoa leseni za kuagiza bidhaa, na hapo biashara ya vitu vilivyotumika ikafunguka. Kompyuta zilizostaafu maofisini Uingereza zikaanza kuuzwa kwa jina la ex-UK, na nyingine zikaja kutoka Marekani kama misaada kwa shule, makanisa na zahanati. Hizi za Marekani zilileta hatari ya aina yake. Nyuma ya pawasaplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Marekani hutumia takriban volti 120, kwa hiyo swichi huachwa kwenye 115, na katika hali hiyo saketi ya ndani huuzidisha umeme mara mbili kabla ya kuutumia. Mashine kama hiyo ikichomekwa kwenye soketi ya Kenya, umeme ambao ungefika takriban volti 340 hulazimishwa kwenda karibu volti 680. Kapasita mbili kubwa za ndani, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, ambazo kwa kawaida kila moja imeundwa kuhimili volti 200, hupasuka kwa mlio wa risasi na moshi wa harufu kali. Kompyuta iliyovuka bahari ikiwa nzima hufa hivyo sekunde ya kwanza, mbele ya watoto waliokuwa wakiisubiri, na kosa lote ni swichi ambayo ingesogezwa kwa ncha ya bisibisi.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za ATX, na hapa ndipo ufundi wa mijini ulipopata nafasi yake halisi. ATX iliweka plagi moja ya pini 20 isiyoweza kuingia kinyume, vipimo vya kisanduku, mahali pa skrubu na rangi za nyaya: njano kwa volti 12, nyekundu kwa 5, chungwa kwa 3.3, nyeusi kwa ardhi. Pawasaplai iliyotengenezwa China iliweza kufungwa katika kompyuta iliyounganishwa Ireland na kuuzwa kwa mara ya pili Eldoret. Prosesa ya Pentium 4 iliongeza plagi ndogo ya pini nne mwaka 2000, na mwaka 2003 plagi kuu ikawa na pini 24. Hata hivyo, umbo la msingi lilibaki lile lile.

Kwa bahati mbaya, baadhi ya watengenezaji hawakuufuata utaratibu huo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell iliuza kompyuta zenye plagi inayofanana kabisa na ya ATX ilhali mpangilio wa nyaya ulikuwa tofauti. Pawasaplai ya kawaida iliingia vizuri, kisha ikaiharibu bodi. Baadaye zikaja kompyuta nyembamba za maofisini, zenye pawasaplai za umbo la pekee ambazo hazina mbadala dukani. Juu ya hayo, kapasita mbovu zilienea katika bodi na pawasaplai za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilijulikana duniani kote kwa kapasita zilizovimba vichwa na kuvuja.

Jinsi umeme ulivyopewa uzito katika eneo hili inaonekana vizuri Mosoriot, kituo cha afya kilicho kusini mwa Eldoret. Mwaka 2001 kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa huko kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili tu, lakini ziliwekewa UPS (kifaa kinachoendelea kutoa umeme stima inapokatika) na betri za sola. Kutoka katika kazi hiyo ulikua mfumo wa OpenMRS, ambao ulianza kutumika kwa mara ya kwanza Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya UKIMWI. Waliouanzisha walielewa kwamba programu nzuri haina faida mashine ikizimika.

Kazi ya kubadilisha pawasaplai haijabadilika sana tangu 1995. Kompyuta isipowaka, fundi huanza na soketi na kebo, kisha hunusa tundu la feni. Plagi kuu ya pini 20 au 24 ikishatolewa kwenye bodi, waya wa kijani, ule wa kuiwasha pawasaplai, huunganishwa na mweusi kwa kipande cha waya. Feni ikikaa kimya, pawasaplai imekufa. Ikizunguka, mita huonyesha kama njano inatoa volti 12 kweli au imeshuka. Kisha hufunguliwa skrubu nne na kipya kuwekwa. Kisanduku cha zamani hakifai kufunguliwa na asiyejua, kwani kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kebo kutolewa.

Zamani fundi alikilehemu kisanduku kilichoharibika, akabadilisha fyuzi, dayodi au kapasita. Bei za pawasaplai mpya ziliposhuka, kukibadilisha chote kukawa nafuu kuliko saa za kulehemu. Nafuu hiyo ilikuja na udanganyifu: lebo husema wati 450 au 500, na ndani koili za kuchuja umeme zimeachwa, mahali pake pakiwa patupu. Kwa hiyo fundi mzoefu hupima uzito kwa mkono kabla ya kusoma lebo. Pawasaplai nyepesi mno haina shaba ya kutosha ndani.

Kompyuta hizi kuukuu zingali kazini. Saiba, yaani maduka ya intaneti, zilizofunguliwa kwa ajili ya barua pepe sasa huhudumia wanaojaza fomu za kodi za KRA, za mikopo ya masomo za HELB na za huduma za serikali kwenye eCitizen, kazi ambayo mashine ya miaka kumi na mitano huimudu vizuri. Anayenunua ex-UK kwa ajili ya saiba au maabara ya shule na aifungue kabla ya kulipa, atazame umbo la pawasaplai. Ikiwa ni ATX ya kawaida, itatengenezeka Eldoret siku hiyo hiyo. Ikiwa ni ya umbo la pekee, mashine nzima itategemea kipuri ambacho huenda kisipatikane tena.