Mikan Alifunga 15 Kati ya 18, na Bado Wakachapwa

Wasee, kuna takwimu moja ya basketi ambayo ukiitupa kwenye mdahalo wowote mtandaoni, watu watakosana mpaka asubuhi. Mchezaji mmoja alifunga pointi 15. Timu yake yote ilifunga 18. Na wakapoteza.

Hii sio mechi ya mtaani. Ni NBA, tarehe 22 Novemba 1950, ndani ya Minneapolis Auditorium, mbele ya mashabiki kama 7,000. Wenyeji ni Minneapolis Lakers, hawa hawa Lakers waliohamia Los Angeles mwaka 1960. Wageni ni Fort Wayne Pistons, ambao siku hizi wako Detroit. Mwisho wa mechi: Pistons 19, Lakers 18. Mpaka leo hakuna mechi ya NBA iliyoisha na pointi chache kuliko hizo.

Mwenye zile 15 ni George Mikan. Jamaa alikuwa na futi 6 na inchi 10, anavaa miwani uwanjani, na ndiye alikuwa staa mkubwa wa ligi. Msimu huo aliongoza kila mtu kwa wastani wa pointi 28.4 kwa mechi. Usiku ule Lakers walipata vikapu vinne tu, na vyote vinne ni vya Mikan. Pointi tatu za wenzake zilitoka kwa mitupo huru, ile ya adhabu.

Sasa najua vile tungesoma hayo majina na namba leo. Mtu angepiga picha ya jedwali, aposti, aandike: "Mikan alibeba watu bure mgongoni." Comments elfu mbili. Wenzake wangetukanwa wiki nzima.

Lakini tulia kidogo, angalia namba zingine kwenye jedwali hilo hilo. Dakika zote 48, timu zote mbili zilirusha mpira kwa kikapu mara 31 pekee. Lakers 18, Pistons 13. Siku hizi timu moja peke yake inazidi 80 kwa mechi. Kati ya zile 18 za Lakers, Mikan alirusha 11. Kwa hivyo wenzake wote wakijumlishwa walijaribu mara saba. Robo ya mwisho, dakika 12 nzima, zilipatikana pointi nne: Pistons tatu, Lakers moja. Unamlaumu aje mtu kwa kukosa kufunga kama hata mpira hakuugusa?

Kilichotokea ni hiki. Lakers walikuwa mabingwa, na kuwachapa nyumbani kwao ilikuwa kazi ngumu sana. Kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, akaona kuna njia moja tu: mkipata mpira, ukalieni. Wachezaji wake wakawa wanasimama nao, wanapasiana polepole, hawana haraka na mtu. Mashabiki walizomea. Lakini sheria haikusema lazima urushe, kwa hivyo marefa hawakuwa na la kufanya. Zikibaki sekunde chache, Pistons wakiwa nyuma kwa pointi moja, Larry Foust akatia kikapu. Mechi imeisha hapo.

Kitu kilichoamua mechi hiyo ni muda ambao mpira ulikaa mkononi bila kurushwa. Na kwenye jedwali hakuna safu ya hicho kitu. Kulikuwa na vikapu, mitupo huru, pointi. Hata dakika ambazo kila mchezaji alikaa uwanjani NBA ilianza kuziandika msimu wa 1951-52. Kunyang'anya mpira na kuzuia mitupo, hizo ziliingia 1973-74, Mikan akiwa amestaafu kitambo. Ndio maana ukilinganisha Mikan na masenta wa leo, upande wake wa kuzuia mitupo hauna chochote. Hiyo haimaanishi hakuzuia. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Na hata namba zilizohesabiwa zinaweza kukuchezea. Machi 1953 Bob Cousy wa Boston alifunga pointi 50 kwenye mchujo dhidi ya Syracuse. Ukisikia 50 unaona mtu anawaka moto. Lakini 30 kati ya hizo zilikuwa mitupo huru. Mechi ilienda muda wa nyongeza mara nne, na faulo zilikuwa nyingi kupita kiasi, kwa sababu njia pekee ya kumpokonya mpira mtu anayeukalia ilikuwa kumchezea rafu.

Aliyesaidia kumaliza hiyo tabia hakuwa mchezaji. Danny Biasone alizaliwa Italia, alikuwa na ukumbi wa boling mjini Syracuse, na ndiye mwenye timu ya Syracuse Nationals. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mechi tamu huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Msimu wa 1954-55 NBA ikaweka sheria: una sekunde 24, rusha ama upoteze mpira. Wastani wa pointi za timu ukaruka kutoka 79.5 hadi 93.1. Wachezaji hawakupata vipaji vipya kwa likizo moja. Kilichobadilika ni sheria iliyowazunguka.

Hii stori inanigusa kwa sababu mimi napimwa kwa majedwali kila siku. Views, likes, wafuasi. Na kwa sababu niliacha chuo, kila fomu ya kazi ina kisanduku cha shahada ambacho mimi naacha tupu. Anayeisoma anaona sifuri. Haoni miaka niliyojifunza kushika kamera, kuhariri na kutafuta wateja mwenyewe. Sisemi namba ni uongo, maana Mikan alifunga 15 kweli. Nasema kabla hujamhukumu mtu kwa namba, uliza mambo mawili: ni nini hakikuhesabiwa, na sheria za mchezo zilikuwa zinampendelea nani?

Halafu oneni vile msimu huo wa kwanza wa sekunde 24 uliisha. Fainali ya 1955 ilienda mpaka mechi ya saba. Bingwa akawa Syracuse, timu ya Biasone, aliyetaka hiyo saa. Waliopoteza ni Fort Wayne Pistons, wale wale wa kukalia mpira, na Larry Foust bado alikuwa nao. Matokeo yalikuwa 92 kwa 91. Tofauti ni pointi moja tena, lakini safari hii kila mtu alilazimika kucheza.