Miezi mitano nyutrino zilipoipita nuru

Ijumaa ya Septemba 23, 2011, ukumbi mkuu wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe kilichoko pembezoni mwa jiji la Geneva, ulifurika wanafizikia. Mzungumzaji alikuwa Dario Autiero, na alichokuja kukieleza kilikwenda kinyume na yote waliyofundishwa waliomsikiliza. Chembe ziitwazo nyutrino zilizorushwa kutoka CERN, zikapita ardhini kilomita 730 hivi hadi maabara ya Gran Sasso katikati ya Italia, zilikuwa zikifika nanosekunde 60 mapema kuliko ambavyo nuru ingefika. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde 60 nuru husafiri mita 18 tu, lakini tangu Einstein mwaka 1905 fizikia haijaruhusu chochote kuitangulia nuru hata kwa sentimita moja.

Umma haukusubiri uchunguzi. Magazeti ya dunia nzima yaliuliza kama Einstein alikosea. Mitandaoni ukazuka utani: mhudumu wa baa anasema nyutrino haziruhusiwi humu ndani, kisha nyutrino inaingia. Profesa Jim Al-Khalili wa Uingereza aliahidi kuila kaptula yake ya ndani mubashara kwenye televisheni iwapo matokeo yangethibitika. Nchini Italia, wizara iliyokuwa chini ya Mariastella Gelmini ilitoa taarifa ya pongezi iliyotaja handaki kati ya CERN na Gran Sasso, pamoja na mchango wa Italia wa euro milioni 45 hivi katika ujenzi wake. Waitaliano walicheka wakachoka. Handaki la kilomita 730 halipo wala halihitajiki, kwani nyutrino hupenya mwamba bila kuzuiwa.

Mashaka ya wataalamu yalikuwa na hoja nzito zaidi. Februari 1987 nyota ililipuka katika galaksi jirani, umbali ambao nuru huumaliza kwa miaka 168,000 hivi. Vigunduzi vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti vilinasa nyutrino zake saa chache tu kabla ya nuru yake kuonekana. Saa hizo zina maelezo yake: nyutrino huchomoka mara kiini cha nyota kinapoporomoka, ilhali nuru husubiri mlipuko ufike juu. Kama kasi iliyopimwa Gran Sasso ingekuwa kweli kwa nyutrino zote, zile za 1987 zingeitangulia nuru kwa miaka kama minne. Haukupita muda, wanafizikia Andrew Cohen na Sheldon Glashow wakaonyesha kwamba nyutrino za kasi hiyo zingepoteza sehemu kubwa ya nishati yao njiani. Zilizofika Italia zilifika na nishati yao.

Kwa nini basi watu wenye akili zao walitangaza jambo kama hilo? Kikundi chao, OPERA, kilichoongozwa na Antonio Ereditato wa Chuo Kikuu cha Bern, kilikuwa na data ya miaka mitatu na nyutrino zaidi ya 16,000. Kwa miezi kadhaa walitafuta kosa wasilione. Andiko lao halikudai kwamba Einstein ameanguka. Lilijizuia kabisa kutafsiri maana ya matokeo, na kikundi kikaomba wengine wayachunguze. Penye wengi pana mengi: watafiti walikuwa zaidi ya 150, na baadhi yao walikataa kutia sahihi.

Ugumu wote ulikuwa kwenye umbali na saa. Umbali ulipimwa kwa umakini kiasi kwamba ilionekana jinsi tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lilivyousogeza mtambo wa OPERA kwa sentimita 7 hivi. Saa za pande mbili zililinganishwa kwa satelaiti za GPS na saa za atomu. Lakini mawimbi ya satelaiti hayafiki chini ya mwamba wa mita 1,400. Ishara ya saa ilipokewa juu, kisha ikateremshwa hadi kwenye mtambo kwa kebo ya faiba yenye urefu wa kilomita 8.3.

Baadhi ya wakosoaji walidhani tatizo liko upande wa Geneva. Protoni zinazozalisha nyutrino zilitolewa kwa mafungu marefu ya mikrosekunde 10 hivi, hivyo ilikuwa vigumu kujua nyutrino fulani ilianza safari wakati gani hasa. Miezi ya Oktoba na Novemba CERN ikatuma mafungu mafupi ya nanosekunde chache. Nyutrino 20 zikanaswa, na jibu likawa lile lile. Jaribio lilikuwa limerudiwa, ila kwa saa ile ile na kebo ile ile.

Februari 2012 kosa likatajwa. Kiungio cha kebo ya faiba hakikuwa kimekazwa hadi mwisho. Nuru iliyopenya ilipungua, kwa hiyo kipokezi kilichukua muda zaidi kufikia kiwango cha kutoa ishara, na saa ya chini ikabaki nyuma kwa nanosekunde 70 na kitu. Saa ya ukutani ikiwa nyuma, kila mgeni huonekana amewahi. Kasoro ya pili, ya saa ya ndani ya mtambo ambayo haikwenda sawasawa, ilivuta upande wa pili kwa nanosekunde 15 hivi. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unabaki na zile 60.

Mtambo jirani uitwao LVD ulisaidia kufunga kesi. Miale kutoka anga za mbali huzaa chembe zinazopenya milima, na baadhi yake zilikatiza LVD na OPERA kwa mpigo mmoja. Kumbukumbu za miaka kadhaa zilipolinganishwa, zilionyesha kwamba kuanzia katikati ya 2008 hadi mwisho wa 2011 saa ya OPERA ilikuwa imekosea kwa nanosekunde 73 hivi. Machi 2012 kikundi kingine cha Gran Sasso, ICARUS, chini ya Carlo Rubbia, kikaripoti nyutrino saba zilizokwenda kwa kasi ya nuru bila kuizidi. Mwisho wa mwezi huo Ereditato na Autiero waliachia nyadhifa zao baada ya kura iliyokigawa kikundi. Juni, mjini Kyoto, Sergio Bertolucci wa CERN akatangaza kwamba majaribio manne ya Gran Sasso, OPERA ikiwamo, yanakubaliana na Einstein.

Waliocheka walikuwa sahihi. Lakini hoja yao, kwamba matokeo hayapatani na tunayoyajua, ndiyo iliyomwandama Raymond Davis wa Marekani kwa miaka 30, na huko ilikosea. Davis aliweka tangi la lita 380,000 hivi za dawa ya kusafishia nguo bila maji ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota. Nyutrino kutoka kwenye jua zilitakiwa kugeuza atomu chache za klorini kuwa argoni. Kuanzia 1968 aliripoti upungufu mkubwa, na hesabu ikatulia kwenye theluthi moja ya ile iliyotabiriwa na mwanafizikia John Bahcall. Wengi walidhani anapoteza atomu tangini, wengine kwamba Bahcall hajalielewa jua. Davis alijibu kwa kutia tangini argoni ya kiasi anachokijua, kisha kuonyesha kwamba anaitoa karibu yote. Mwaka 2001 na 2002 kigunduzi cha Sudbury, Kanada, kikathibitisha kwamba nyutrino za jua hubadilika aina njiani. Tangi la Davis lilikuwa likiona aina moja tu. Alipokabidhiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 alikuwa na miaka 88.

Kubadilika huko ndiko OPERA ilikojengwa ili kukushuhudia: nyutrino za aina ya muoni zinazogeuka kuwa tau kati ya Geneva na Gran Sasso. Mwaka 2015 kikundi kilitangaza nyutrino ya tano ya aina ya tau, idadi iliyotosha kuthibitisha ugunduzi. Jambo ambalo wengi walikataa kulisikia kwa Davis likawa kazi ya kawaida ya mtambo ule ule uliochekwa mwaka 2011. Shaka iliyomkuta Davis na iliyomkuta Autiero ilikuwa moja, na peke yake isingeweza kumwambia mtu yupi kati yao amekosea. Kilichowatenganisha ni ukaguzi: tangi la Homestake lilipimwa likakutwa zima, na kebo ya Gran Sasso ikakutwa imelegea.