Kichocheo au Kitendanishi? Tafakuri juu ya Kesi ya Ardhi ya Wameru

Waandishi wengi wa historia yetu husema kwamba kuondolewa kwa Wameru Engare Nanyuki kulikuwa "kichocheo" cha harakati za uhuru. Neno hilo limeazimwa kutoka kemia, na cha kuazima hukaguliwa mwenyewe akiwapo.

Aliyeipa dhana hiyo jina la kitaalamu, mwaka 1835, ni Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Mfano wake unafahamika kwa mwanafunzi wa sekondari, awe wa Oldonyo Sambu au wa Dar es Salaam: haidrojeni peroksaidi huachia oksijeni polepole mno, lakini ikitiwa unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, mapovu hufoka papo hapo. Unga ule hauumbi mmenyuko usiowezekana. Huufungulia tu njia yenye kizingiti kidogo cha nishati. Kisha, mmenyuko ukiisha, ukiuchuja unga, ukaukausha na kuupima, uzito wake ni uleule.

Kwa sifa ya kwanza, sitiari inafaa. Manung'uniko ya ardhi kuuzunguka mlima Meru yalikuwapo tangu enzi za Wajerumani, waliowapa ardhi Makaburu kutoka Afrika Kusini; Oldonyo Sambu ni miongoni mwa maeneo waliyokaa. Chama cha TAA kilikuwapo tangu 1929. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyopendekeza eneo moja la walowezi kati ya Meru na Kilimanjaro, ilikuta vitendanishi vyote tayari chunguni. Novemba 1951 Waingereza walipowaondoa Wameru takriban 3,000, wakachoma nyumba zao, kilichokuwa kikienda polepole kilienda kasi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. TANU ilizaliwa Julai 1954.

Sifa ya pili ndiyo inayonisumbua. Wameru wa Engare Nanyuki hawakutoka katika mmenyuko ule na uzito uleule. Nyumba ziliteketea, mifugo ikafa, na wengi walikataa kuhamia Kingori walikoelekezwa. Hao ni vitendanishi: waliliwa. Kuwaita kichocheo ni kufuta gharama hiyo katika daftari na kubakiza faida ya taifa peke yake.

Wenzangu watasema nachambua neno kupita kiasi. Huenda. Lakini neno hilohilo limo katika hotuba za leo, ambako karibu kila mradi unaohitaji ardhi ya mtu huitwa kichocheo cha maendeleo, na mtumishi wa umma anayeuandikia taarifa haulizwi ni nani aliyepimwa kabla na baada.

Umoja wa Mataifa ulipopiga kura Desemba 1952, azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili, na Japhet alirejea nyumbani bila ardhi.